Gurudumu Alilosema Zuhura Limesimama

Mmenichosha. Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu ananiuliza jambo moja: eti ni kweli wifi yako alitia mkono kwenye mashine inayozunguka huku anaitazama? Mmoja anauliza kwa huruma, mwingine anauliza kwa sababu anatafuta cha kwenda kusimulia kwake. Nimeeleza vipande vipande mpaka habari yenyewe imeharibika. Juzi nimesikia kwamba Zuhura amekatika mkono mzima na kwamba mimi nilizama na boti. Hakuna boti iliyozama. Nimekaa chini naandika yote mara moja, msome, mwelewe, kisha mniache niuze mikanda yangu.

Kwa asiyetujua vizuri: nauza vipuri vya mashine za kusaga na kukoboa hapa Mbagala, kazi niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Hamisi ni mdogo wangu, tumbo moja. Anaishi Mbuchi, huko delta ya Rufiji, na ana mashine ya kukoboa mpunga. Nasema ana mashine, lakini anayeiendesha ni mkewe, Zuhura. Hamisi ni mtu wa kulima, kuvua na kuzungumza. Zuhura ndiye anayejua mashine ikikohoa inataka nini.

Niwaambie mapema jambo ambalo mimi nililijua mwisho kabisa, ili msihangaike kama nilivyohangaika. Siku tano kabla sijaondoka hapa, mashine ile ilimkata Zuhura vidole viwili vya mkono wa kulia. Alisema aliliona gurudumu limesimama, ndipo akatia mkono. Hakuna aliyemwamini. Mumewe mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba ama mkewe anadanganya kuficha uzembe wake, ama kichwa chake hakiko sawa, na kwa vyovyote vile hataigusa tena mashine. Mwanamke aliyeilea mashine ile miaka yote! Na mimi, dada mtu, muuza vipuri, sikuambiwa hata neno moja la hayo. Mimi nilitumiwa video.

Mbagala hadi Bungu

Video yenyewe ilikuwa fupi. Inaonyesha gurudumu la mashine linazunguka, na linazunguka kinyume. Chini yake Hamisi ameandika: "Dada, gurudumu linarudi nyuma. Njoo haraka."

Sikumcheka. Injini ya dizeli ya silinda moja ikiwashwa vibaya kwa mpini inaweza kweli kuwaka kinyume, ikatoa moshi mahali pa kuvutia hewa na kuharibu vitu. Nikafikiri ndivyo ilivyotokea. Nikampigia Zuhura kwa sababu yeye ndiye angenieleza sawasawa, simu yake imezimwa. Nikampigia Hamisi: "Moshi unatoka wapi?" Akajibu: "Dada, wewe njoo tu." Basi nikafunga mkoba wa spana, mikanda miwili mipya, na puli ya chuma, gurudumu la kupitishia mkanda, ambayo hata wapagazi wa stendi waliinyanyua mara moja wakaitua. Nikaifunga kwenye kanga nikaipakata kama mtoto.

Basi lilitoka vizuri. Mimi nikipanda gari likatoka vizuri huwa naanza kuogopa, na sikukosea. Tulipokaribia Bungu likaanza kunuka mpira, likayumba, likasimama pembeni. Kondakta akasema dakika kumi. Nilimuuliza dakika kumi za kwake au za saa. Akanitazama kwa masikitiko kana kwamba mimi ndiye niliyeharibu basi.

Bungu, kuanzia asubuhi mpaka alasiri

Dakika kumi zile zilinikuta nimeshakula mihogo ya kukaanga na pilipili, chungwa, chungwa jingine, na karanga ambazo sikuzitaka ila muuzaji alikuwa ameshazimimina kwenye karatasi. Jua kali. Puli iko miguuni. Kila anayepita ananiuliza nimebeba nini, nikisema puli anauliza ya nini, nikisema ya mashine ya kukoboa ananiambia mashine ya kukoboa ipo palepale nyuma ya msikiti, kwa hiyo niende huko. Niliwaeleza watu wanne kwamba sitafuti pa kukoboa. Wa tano nikamwambia ni jiwe.

Karibu na kibanda nilichokaa alikuwepo dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, jina lake Shabani. Alikuwa ameisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la nyuma liko juu, analizungusha kwa injini ili atie mafuta kwenye mnyororo. Nikamwonyesha video ya Hamisi, maana nilishachoka kuitazama peke yangu.

"Ah, hili limegeuka, mama," akasema. "Injini hiyo kwisha."

"Ndiyo maana nimebeba chuma chote hiki."

Akaitazama tena, akacheka. "Lakini mbona mpunga unaingia kama kawaida? Na mkanda ule, tazama, unakwenda mbele."

Nikaichukua simu nikaisogeza karibu na macho. Kweli. Kiraka kwenye mkanda kilikuwa kinakwenda mbele, gurudumu linalovutwa na mkanda huohuo linarudi nyuma. Nikamwambia Shabani aendelee kuzungusha tairi lake, nikalirekodi kwa simu yangu. Kwa macho, spoku zinakwenda mbele mpaka hazionekani. Kwenye simu, spoku zilezile zinarudi nyuma, taratibu, kwa raha zao. Akiongeza mafuta zinasimama. Akiongeza tena zinakwenda mbele.

"Yallah!" Shabani akazima injini. "Mama, tairi langu lina nini?"

Halikuwa na jini wala nini. Simu hairekodi mwendo mfululizo, inapiga picha moja moja, haraka haraka, halafu inazionyesha zikifuatana. Chukueni watoto sita wenye sare moja, wamekaa duara kwenye viti sita. Fumba macho, kila mtoto ahamie kiti cha mwenzake, fumbua. Huoni kilichohama. Utaapa kwamba hawakutikisika. Sasa wahame lakini kila mmoja aishie kidogo kabla ya kiti cha mbele yake: ukifumbua utasema kila mtoto amerudi nyuma kidogo. Spoku ni watoto, na simu ndiyo inayofumba na kufumbua. Nilimweleza Shabani hivyo, akaelewa kabla sijamaliza, akaanza kuwaeleza wengine kwa sauti kuliko yangu.

Mimi damu ilikuwa inachemka. Nikampigia Hamisi. "Wewe! Umeniburuza na chuma mpaka Bungu kwa sababu ya kamera ya simu? Gurudumu lako ni zima! Ulilitazama kwa macho yako kabla ya kunitumia hicho kioja?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Dada, njoo tu."

"Nije kufanya nini?"

"Njoo. Mzee Athumani atakupokea Kibiti." Akakata.

Ningerudi. Wallahi ningerudi, ila dereva alikuwa anapiga honi, na gari pekee lililokuwa tayari kuondoka lilikuwa linakwenda kule nisikotaka. Nikapanda nikiwa na nia moja tu, kumfikia Hamisi na kumkata kofi.

Tulipofika njia ya kwenda Mchukwi basi likasimama tena. Walishuka watu wenye chupa za chai na vyombo vya chakula vilivyofungwa vitambaa, wanakwenda hospitali kuwaona wagonjwa wao, na walishuka polepole. Niliuliza kwa sauti ni kwa nini tunasimama kila hatua. Zuhura alikuwa amelala huko, mkono umefungwa. Nikikumbuka nilivyoguna pale dirishani, mpaka leo naona aibu.

Kibiti kwa Mzee Athumani

Mzee Athumani ni mjomba wake Zuhura, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alinipokea stendi mwenyewe, akanipokonya puli, akaitua, akaita mkokoteni. Nyumbani kwake alikuwa ameshachinja kuku. Kuku wa nazi, wali, mchicha, na sahani ya maembe yaliyomenywa. Mimi ni wifi tu wa mpwa wake, sijawahi kuchinjiwa kuku katika nyumba ile. Kila nikimaliza kipande wananiongezea, na kila nikisema neno wote wananyamaza na kunitazama kwa upole. Nilidhani wamesikia biashara yangu imeanguka.

"Mzee, Zuhura hajambo?" nikauliza. "Simu yake haipatikani."

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Chaji huko ni shida."

Tunamshukuru Mungu! Jibu hilo kwetu linatosha harusini na linatosha msibani, na mimi mtoto wa watu wa Rufiji nililimeza kama mgeni.

Asubuhi namkuta mlangoni, kashika chombo cha uji kimefungwa kitambaa. Nikamuuliza anakwenda wapi mapema vile.

"Nampelekea mgonjwa wetu mmoja, huko Mchukwi."

"Mpe pole zangu, mzee. Mwambie namwombea afueni."

Akanitazama muda mrefu kidogo, akasema, "Zitafika, mwanangu." Na zikafika. Zuhura aliniambia baadaye kwamba alipopewa salamu zangu alilia, kwa kuwa alidhani nimesikia yaliyomkuta nami nimekataa kuja kumwona.

Kutoka Kibiti mpaka maji yalipokuwa hayapo

Nilipata nafasi kwenye pikapu iliyobeba saruji, mafuta ya kula na mwanamke mmoja mwenye cherehani. Mvua ilikuwa imenyesha. Pikapu ilizama kwenye tope mara tatu, na kila mara dereva alitushusha kupunguza uzito, lakini puli hakuruhusu nishuke nayo, alisema inasaidia tairi la nyuma kushika. Ndiyo kazi pekee ambayo puli ile iliifanya katika safari nzima.

Tulifika barabara inapoishia. Boti ipo, mwenye boti yupo, injini ipo, maji hayapo. Maji yalikuwa yametoka, mkondo umebaki matope na kaa na mizizi ya mikoko. Mwenye boti, Bwana Mkali, ambaye ni mpole kupita kiasi, aliniambia tungojee maji yajae. Nikauliza yatajaa saa ngapi. Akayatazama matope, akasema, "Yakija."

Tulingoja. Nilikula wali baridi na dagaa kutoka kwa yule mwenye cherehani, Mungu ambariki, sikumuuliza hata jina. Bwana Mkali akaja akakaa karibu, akaniangalia mara mbili tatu.

"Wewe ndiye dada yake Hamisi wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, dada. Pole. Mungu atawapa subira."

"Pole ya nini?"

Akashtuka. Akatazama kaa. "Pole ya safari."

Nikasema ahsante. Safari yenyewe ilistahili pole, sikuona cha kushangaza. Watu wangu, tatizo la neno pole ni kwamba linaingia kila mahali na halikuelezi kitu.

Mbuchi, na chakula kilichotangulia habari

Hamisi alikuwa gatini. Kofi langu lilikuwa tayari, lakini nilipomwona lilinishinda. Amekonda, macho yameingia ndani. Alinisalimu shikamoo huku ameinama kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja chungu cha mama.

"Zuhura yuko wapi?"

"Karibu kwanza, dada. Oga."

Nikaoga. "Zuhura yuko wapi?"

"Kula kwanza."

Wali mpya wa Mbuchi na samaki wa kuchoma, aliopika jirani, wala si Zuhura. Nilianza kuelewa kwamba kuna jambo, lakini alikaa mbele yangu akingoja nile. Nikala. Nikanawa. Hapo ndipo aliponiambia: vidole viwili, Mchukwi, siku ya saba leo.

Sijui nilisema nini kwanza. Najua nilisimama. "Mchukwi? Nimepita Mchukwi! Nimelala Kibiti! Mjomba wake amepita mbele yangu na uji wa wifi yangu, nami namwambia ampe pole mgonjwa asiye na jina!"

"Ulikuwa njiani, dada. Peke yako. Ungeambiwa njiani ukaanguka, nani angekuokota? Nikamwomba mjomba asiseme. Mtu anaambiwa akishafika, ameshatia kitu tumboni."

Na kibaya zaidi ni kwamba ningefanya hivyohivyo. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyempigia Hamisi nikamwambia mama ana homa kidogo, aje. Nikakaa.

"Na video?"

Akaanza kuvunja vijiti. "Mke wangu, mama Rukia, anaapa aliliona limesimama. Mbele ya watu wote, damu inamwagika, anaapa. Nami nilifika dakika ile ile, mashine inanguruma, mkanda unakwenda. Mie nikasema anadanganya. Nikasema yule kachanganyikiwa. Nshasema, na watu wamesikia. Halafu usiku silali. Nikajaribu kulirekodi, nikaona linarudi nyuma. Nikasema, basi labda gurudumu lina maradhi. Labda linasimama lenyewe na kuanza lenyewe. Wewe unajua mashine. Utaniambia kama inawezekana. Na kama haiwezekani..."

Nilimjibu kwa ukweli nilioujua: mashine haisimami na kuanza yenyewe huku mkanda unavuta. Na ile video nilishaimaliza Bungu, ni kamera tu. Jicho la mtu halipigi picha.

Nilipolala nililia kwa uchungu, kwa kuwa ilimaanisha Zuhura anadanganya, na Zuhura simjui kwa uongo.

Ndani ya banda la mashine

Asubuhi nikamwambia Hamisi anionyeshe kila kitu kilivyokuwa siku ile.

Banda ni la mabati, giza, dirisha limepigiliwa mbao. Hamisi alisema amelipigilia mwanzo wa mvua kwa kuwa mpunga ulikuwa unalowana, na ili mkewe asifanye kazi gizani akanunua taa, pamoja na jenereta dogo alilolifunga kwa mkanda kwenye injini ileile ya kukoboa. Injini ikiwaka, taa inawaka. Alinionyesha kwa fahari iliyomponyoka, kisha akakumbuka na kuinamisha kichwa.

Gurudumu la mashine yao halina spoku, ni duara zima la chuma. Juu yake kuna mistari sita myeupe ya rangi, iliyopimwa vizuri, kutoka katikati kwenda ukingoni.

"Nani kapaka?"

"Mwenyewe mama Rukia. Zamani. Alisema chuma kitupu hakionyeshi kama kinazunguka. Mistari ikipotea, ujue linakwenda. Mistari ikionekana, ujue limesimama, unaweza kusafisha."

Nikaitazama ile mistari. Hivyo ndivyo alivyofanya mtu waliyemwita mzembe.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe inavyofanywa, ndipo mtaelewa. Mpunga ukikwama, injini haizimwi, kwa sababu kuiwasha ni jasho. Kuna mpini wa mbao: ukiusukuma, mkanda unahamia kwenye puli tupu ya pembeni, mashine inasimama huku injini inaendelea kunguruma. Kwa hiyo sikio halikusaidii, na mpini nao wakati mwingine hauuhamishi mkanda sawasawa. Jicho ndilo linalokuambia.

Hamisi akawasha. Kelele, vumbi, taa ikawaka nyeupe. Mimi niko upande wa ndani, anaposimama Zuhura, mgongo kwa mlango. Hamisi yuko kwenye mpini. Nikampa ishara ya mkono ausukume, nikageuka kulitazama gurudumu. Mistari sita ile hapo. Myeupe, imetulia tuli, hata tone la rangi lililochuruzika kwenye mmoja nililiona. Nikasema moyoni, limesimama. Nikanyoosha mkono kwenye mdomo wa mashine kutoa mapumba.

Nilivutwa gauni kwa nyuma mpaka likachanika. Nikaangukia magunia.

"Dada!" Hamisi alikuwa anapiga kelele, uso umembadilika rangi. "Sijasukuma! Mpini sijausukuma! Linakwenda!"

"Limesimama!"

"Linakwenda!"

Akachota mapumba akayatupia gurudumu. Yaliruka mpaka kwenye mabati. Na mistari ile, watu wangu, huku mapumba yanaruka, imetulia mbele ya macho yangu kama iliyochorwa ukutani. Kisha ikaanza kusogea nyuma, polepole.

Nilimshika Hamisi mabega nikamsimamisha pale nilipokuwa mimi. "Tazama. Nini unaona?"

Alitazama. Mdomo ukafunguka. Akakaa chini kwenye mapumba.

Nilichelewa sana kuelewa, na mimi ndiye niliyemfundisha Shabani. Jicho halifumbi na kufumbua, lakini taa ile inafumba na kufumbua. Taa za rahisi za namna hiyo, umeme wake ukitoka kwenye jenereta, hazimuliki mfululizo, zinawaka na kuzimika mara nyingi sana kwa kila sekunde, upesi kiasi kwamba hatujui. Kila inapowaka, kila mstari umeshafika palipokuwa na mwenzake. Wale watoto sita na viti vyao! Na kwa vile jenereta na gurudumu vinavutwa na injini moja, vinakwenda pamoja: injini ikienda mbio, taa nayo inapepesa mbio. Mkanda ukiteleza kidogo, mistari inarudi nyuma. Zuhura alipaka mistari ili imlinde, Hamisi akanunua taa ili imsaidie, na vitu hivyo viwili vikakutana kwenye vidole vyake.

Tuliichomoa taa tukafungua mlango wote. Mistari ikapotea, gurudumu likawa ukungu mweupe, kama inavyotakiwa. Tukairudisha taa, mistari ikasimama. Hamisi alinitaka nirudie. Akarudia mwenyewe. Mara ya nne nilimwambia inatosha, akachukua nyundo akaenda kung'oa mbao za dirishani, na alizing'oa kwa hasira mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa.

Mchukwi

Safari ya kurudi ilikuwa na tope lilelile na maji yaleyale yasiyo na saa, nami sikulalamika, kwa hiyo siisimulii. Puli niliiacha Mbuchi. Tulifika hospitali siku ya pili, mchana, mbingu imefunga kwa mvua, ndani wamewasha taa. Mzee Athumani alikuwa benchi la nje. Nilimpa shikamoo yake kwa sababu ni mkubwa, lakini nilimtazama, naye akatazama viatu vyake.

Zuhura alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Muuguzi alituambia ndivyo anavyolala tangu aje, hata chakula anakula kaelekea ukuta. Nikakaa kitandani. Hamisi akabaki amesimama miguuni kwake.

"Wifi," nikasema. "Nimeliona limesimama."

Hakugeuka. "Kakwambia nani useme hivyo?"

"Nimesimama pale pako. Mistari sita, ukiwemo ule wenye tone la rangi. Limetulia. Nami nikanyoosha mkono."

"Ukatia?"

"Hamisi alinivuta."

"Mie sikuwa na wa kunivuta," akasema. Hamisi akaziba uso kwa mikono.

Nilimweleza habari ya taa, pole pole, na watoto sita. Alisikiliza bila kutikisika. Nilipomaliza aliniuliza kwa sauti ndogo, hata nikainama kumsikia: "Na feni, je?"

"Feni gani?"

"Ya hapo juu. Siku ya kwanza nililala chali. Nikaona mapanga yake yanarudi nyuma. Nikajua basi, walilosema ni kweli, kichwa changu kimeharibika. Sikumwambia mtu. Nikageukia ukuta."

Siku zote zile. Niliinua macho. Taa ndefu, ya kupepesa kama ile ya bandani, iko pembeni ya feni, feni inazunguka. Nikaitazama mpaka shingo ikauma, na hapo nikaviona: vivuli hafifu vya mapanga, vingi kuliko mapanga yenyewe, vinarudi nyuma taratibu.

"Lala chali, wifi," nikasema. Nikamshika bega nikamgeuza. Akafumba macho kwanza, kisha akafumbua.

"Unaviona?" akaniuliza.

"Naviona."

Machozi yalimtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni. Hakuweza kuyafuta, mkono mmoja nimeushika mimi na mwingine umefungwa. Kisha akasema, bila kuacha kutazama juu, "Na yeye?"

Hamisi akainua kichwa. Alitazama muda mrefu. "Naona, mama Rukia. Vinarudi nyuma."

"Mbona unanong'ona?" Zuhura akamuuliza. "Nilivyokuwa mwongo hukunong'ona."

Wodi ilikuwa imejaa, ni saa ya kuona wagonjwa. Hamisi aliwatazama wale watu, akanitazama mimi, na mimi sikumsaidia. Akajikohoza.

"Vinarudi nyuma!" akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Mke wangu aliona kweli! Mie ndiye niliyesema uongo!"

Vitanda vyote viligeuka kumtazama Hamisi, kisha kimoja kimoja watu wakaanza kutazama juu.